Zainab wa Glencarron

Mtoto wa kaka yangu anaishi Uingereza. Alipokuja Mombasa mara ya mwisho, katika kufungua mizigo alinitolea kitabu kilichoviringishwa ndani ya kanga ili kisikunjike, akaniambia, "Shangazi, huyu ni Hajjati mwenzio. Msome."

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, na mpaka leo nasoma nikiwa na penseli mkononi. Kitabu kinaitwa Pilgrimage to Mecca, nacho kilitoka London mwaka 1934. Aliyekiandika ni Lady Evelyn Cobbold, mwanamke wa kwanza mzaliwa wa Uingereza ambaye Hija yake ina kumbukumbu ya maandishi. Alihiji mwaka 1933, akiwa na miaka 65. Mimi nilikwenda nikiwa na 61. Kwa hiyo nilimsoma kama mtu anayemsikiliza mwenzake aliyetangulia safari.

Alizaliwa Edinburgh mwaka 1867, katika jamii ya kimwinyi ya Uskoti. Baba yake alikuwa Earl wa saba wa Dunmore, mtu asiyekaa nyumbani, aliyesafiri mpaka milima ya Pamir na kuiandikia kitabu. Majira ya baridi familia ilikuwa ikihamia Afrika ya Kaskazini, na katika nyumba yao ya kilimani nje ya Algiers ndiko Evelyn alikookota Kiarabu kwa watoto wenzake, kwa kucheza nao. Mwenyewe anasimulia kwamba raha yake kubwa ilikuwa kumtoroka mwalimu wake wa nyumbani akaingia misikitini na rafiki zake Waaljeria. Anasema moyoni alikuwa tayari Muislamu mdogo, bila ya kujijua.

Hapo niliweka penseli chini.

Nyumbani kwetu Kibokoni kulikuwa na mama mmoja kutoka Ukambani, ndiye aliyetulea mimi na ndugu zangu. Hakuna aliyemhubiria. Alisikia adhana ya alfajiri kama sisi, akala daku nasi kwa sababu ndiye aliyeipika, akatusikiliza tukidurusu juzuu ya Amma mpaka akawa anatusahihisha yeye. Siku moja marehemu mama alimkuta anaswali uani, kajitanda kanga. Jirani wakaja mbio na swali moja: "Kasilimu lini?" Mama akawajibu, "Muulizeni mwenyewe." Naye alipoulizwa aliwatazama tu, akarudi kwenye unga wake. Jirani walidhani anaficha jambo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilijua hana anachokificha, maana siku yenyewe haikuwapo.

Lady Evelyn aliulizwa swali hilo maisha yake yote, na jibu lake likawa ni hilo hilo: hawezi kutaja siku. Alichoweza kutaja ni siku ulimi wake ulipoutamka Uislamu wake. Alikuwa Roma, ameingia na marafiki kumwona Papa. Papa akamuuliza kama yeye ni Mkatoliki. Akajikuta anajibu kwamba yeye ni Muislamu, na anakiri kwamba alishangaa kujisikia, kwa kuwa miaka mingi ilikuwa imepita bila ya kuufikiria Uislamu. Baada ya hapo ndipo akaanza kusoma kwa bidii. Kufikia miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia, marafiki zake Waarabu walikuwa wakimwandikia barua kwa jina la dada yao Zainab.

Maisha aliyokuwa akiishi wakati huo hayakuwa na dalili ya dini hiyo. Mwaka 1891 alikuwa ameolewa kanisani Cairo na John Dupuis Cobbold, wa ukoo mashuhuri wa Ipswich ambao mali yake ilitokana na kiwanda cha bia. Alizaa watoto watatu, akapokea wageni, akakaa mezani na watu ambao Uislamu kwao ulikuwa habari ya makoloni tu. Mwaka 1922 walitengana, na yeye akaendelea na maisha yake Glencarron, nyanda za juu za Uskoti, penye milima, mvua na kulungu wenye pembe za matawi. Alikuwa mwindaji hodari wa kulungu hao, mlenga shabaha ambaye wanaume walimheshimu.

Inasimuliwa pia kwamba Marmaduke Pickthall, yule aliyekuja kutoa tafsiri ya Kurani kwa Kiingereza mwaka 1930, alipokuwa bado anasitasita, Lady Evelyn alimhimiza atamke shahada pale pale walipokuwa wakila chakula cha mchana katika hoteli ya Claridge's, London. Mashahidi? Akasema waitwe wahudumu wawili. Pickthall hakukubali, akataka iwe mahali pa heshima zaidi. Namwelewa Pickthall, lakini moyo wangu uko na Zainab. Yule mama wa Kikamba hakuwa hata na wahudumu wawili.

Ruhusa ya kuhiji haikuwa jambo jepesi. Hafiz Wahba, mwakilishi wa Saudia mjini London, alimwandikia Mfalme Abdulaziz kumuombea, na Lady Evelyn akangoja jibu Jeddah, nyumbani kwa St John Philby, Muingereza aliyesilimu mwaka 1930. Nataka kusema wazi kwamba mlango ulifunguka kwa sababu ya ukoo wake na watu aliowajua. Nyanya alikuwa akitusimulia jinsi babu alivyopanda meli Kilindini kwenda Hija akiwa na mkeka, birika na gunia la mchele, akalala deki hadi Jeddah, na huko akaenda kwa miguu. Lady Evelyn alienda kwa motokaa. Aliwaona waendao kwa miguu juani njia nzima, na hakujifanya kuwa hakuwaona. Anawaandika kwa unyenyekevu, na kwa hilo nilimsamehe motokaa yake.

Kwa hakika, kilichonifanya nikisome kitabu mara ya pili ni wanawake. Wazungu wengi walioandika habari za Makka kabla yake walikuwa wanaume, na mashuhuri kuliko wote ni Richard Burton, yule yule aliyepita Mombasa mwaka 1857 akielekea kutafuta maziwa ya bara. Burton aliingia Makka mwaka 1853 kwa kujigeuza sura na jina. Zainab aliingia kwa uso wake, kwa dini yake. Na kwa kuwa ni mwanamke, alikaribishwa ndani, upande wa kina mama, Madina na Makka, palipo na watoto, vyakula, na maswali kuhusu ndoa. Burton, pamoja na ujuzi wake wote, angeishia barazani.

Nikamfuata pia katika saai, ule mwendo wa kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa. Nilipokwenda mimi, Safa na Marwa zimeunganishwa kwa ukumbi wa marumaru wenye ubaridi wa mashine na ghorofa juu ya ghorofa. Enzi zake ilikuwa njia ya soko, yenye maduka huku na huku, na hujaji akipiga mbio anapishana na wanunuzi na wanyama. Nilisoma hapo nikamuona babu na jasho lake, akiitafuta njia katikati ya watu. Nyanya hakuwahi kutusimulia kipande hicho, kwa kuwa hakuwapo. Nimesimuliwa na mwanamke wa Kiskoti.

Mwaka 1935 Lady Evelyn alitoa kitabu kingine, safari hii kuhusu Kenya yetu, iliyokuwa chini ya watu wake. Sikulisahau hilo pia. Alibaki mtu wa tabaka lake na dola yake. Alihiji, na bado aliitwa Lady.

Alifariki Januari 1963, akiwa na miaka 95, katika majira ya baridi kali ambayo Uingereza ilikuwa haijayaona kwa muda mrefu. Alikuwa ameacha wasia. Imamu wa msikiti wa Woking alisafiri kutoka kusini kabisa mpaka Glencarron, akamswalia katika theluji kwa Kiarabu mbele ya watu wa milimani, na mpiga zumari wa Kiskoti akampigia zumari ya mfuko kama ilivyo ada ya kwao. Juu ya kaburi pameandikwa Aya ya Nuru, ile inayotaja taa, na mafuta ya mti wa mzeituni usio wa mashariki wala wa magharibi. Amelazwa mlimani, peke yake, walikokuwa wakipita kulungu wake.

Sisi Mombasa tukisimama kuswali tunaelekea kaskazini, karibu sawasawa kabisa, maana Makka iko juu yetu kwenye ramani. Yeye, kutoka Glencarron, wamemgeuza uso kusini-mashariki.