Kituo cha pamoja cha huduma za dharura

Kituo cha pamoja cha huduma za dharura ni eneo moja lenye majengo ya zimamoto na uokoaji, polisi na magari ya wagonjwa, ambayo yanatumia kwa pamoja chumba cha kupokea simu, uwanja, maji na umeme. Kinafaa hasa pembezoni mwa miji, ambako nyumba huongezeka upesi kuliko huduma.

Nchini Tanzania huduma hizo zina wakuu tofauti. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, linaloongozwa na sheria ya mwaka 2007, na Jeshi la Polisi yote mawili yako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, na zahanati za serikali chini ya halmashauri. Hata namba za simu ni mbalimbali: polisi 112, zimamoto 114, na 115 kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Kwa hiyo, kabla ya kuchora ramani, ni lazima ijulikane nani atalipa ankara ya umeme, na nani anatoa amri pale simu moja inapohusu moto na majeruhi pamoja.

Mfano wa Kigoma-Ujiji

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilikuwa na wakazi 232,388 katika sensa ya mwaka 2022. Upande wa magharibi imezuiwa na Ziwa Tanganyika, hivyo makazi yanasogea kuelekea Gungu na kando ya barabara iendayo Mwandiga.

Ugumu wa kuchagua kiwanja unatokana na ziwa. Wageni wanaofika Ujiji kuona ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, hushangaa kukuta maji yako mbali. Wakati ule ufuko ulikuwa karibu. Ziwa lilishuka baada ya mto Lukuga wa upande wa Kongo, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka, kufunguka katika miaka ya 1870. Mwaka 2021 maji yalikuwa yamepanda tena, yakaingia kwenye nyumba za mwambao tangu Bujumbura na Uvira hadi Kigoma. Basi magari, redio na jenereta vikae juu, karibu na njia panda ya barabara kuu. Ufukweni pabaki banda la boti na gati inayoelea, ipande na kushuka pamoja na maji.

Boti hiyo si anasa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria yenye watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, wakafa 19. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kigoma nako mashua za abiria hutoka Kibirizi kila mara kwenda vijiji vya mwambao, kwa hiyo wavuvi wafundishwe na wawe na namba ya kituo.

Mpangilio wa majengo

Kila gari liwe na mlango wake unaotazama barabara, lisizibwe na lingine. Mahabusu wawe na lango lao upande wa nyuma. Aliyeungua asipokelewe na pingu. Hata hivyo ujirani na polisi una faida: majeruhi wa ajali au shambulio huhitaji fomu ya PF3, na hapa ndugu hawatapanda bodaboda kuifuata mbali.

Maji husahauliwa mara nyingi. Gari lenye lita 5,000 likitoa lita 500 kwa dakika huwa tupu baada ya dakika 10. Panahitajika tangi kubwa mahali pa juu, na pampu ya kubebeka ya kuvuta maji ziwani.

Kasoro ya mpango huu ni kwamba barabara moja ikizibika, huduma zote hukwama pamoja. Vichochoro vya Ujiji ya zamani navyo havipitishi gari kubwa, hivyo huko pangefaa kuwe na kibanda kidogo chenye pikipiki, vizimamoto na mtu wa zamu.