Kiunzi cha Lugha: Kirusi, Kiesperanto na Sheng ya Eastlands

Agosti 2024, wazungumzaji wa Kiesperanto kutoka nchi nyingi walikutana Arusha kwa kongamano lao kuu la 109, la kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Mkazi wa Eastlands, Nairobi, ana sababu nzuri ya kuifuatilia lugha hii. Swali lililoizaa ndilo swali ambalo watoto wa Kaloleni, Makongeni na Jericho walilijibu wenyewe bila kuitisha kongamano lolote: watu wa makabila mbalimbali wakipakana ukuta kwa ukuta, wazungumze vipi?

Ludwik Zamenhof alizaliwa mwaka 1859 mjini Białystok, ambao leo uko Polandi lakini wakati huo ulitawaliwa na dola ya Urusi. Hapo waliishi Warusi, Wapolandi, Wajerumani na Wayahudi, kila kundi na lugha yake, na uhasama ulikuwa mwingi. Kirusi kilikuwa lugha ya serikali. Zamenhof alisomea udaktari wa macho, na mwaka 1887 akachapisha mjini Warsaw kitabu cha kwanza cha lugha aliyoibuni. Toleo lake la kwanza aliliandika kwa Kirusi. Kwa hiyo kuzilinganisha lugha hizi mbili ni kulinganisha lugha iliyomtawala na lugha aliyoiunda kama jibu lake.

Tuanze na Kirusi. Nomino zake zina jinsia tatu, na miisho yake hubadilika kufuata kazi ya neno katika sentensi, kwa hali sita. Kitabu ni kniga. Ukikisoma, kinakuwa knigu. Ukitaja kurasa za kitabu, utasema knigi. Ukizungumza kuhusu kitabu, ni knige. Vitenzi vingi huja kwa jozi: pisat ni kuandika pasipo kutazama mwisho wa kazi, napisat ni kuandika mpaka ukamaliza. Mkazo nao huhama. Neno zamok likitamkwa kwa mkazo mwanzoni ni kasri. Mkazo ukienda mwishoni, ni kufuli.

Kiesperanto kilitolewa kikiwa na kanuni 16 za msingi. Kila nomino huishia kwa -o, kila kivumishi kwa -a. Wakati uliopo ni -as, uliopita -is, ujao -os, na kitenzi hakibadiliki hata nafsi ikibadilika. Mkazo hukaa daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika Kiswahili. Yako mambo mengine ambayo Mswahili atayatambua papo hapo. Boli ni kuchemka. Ukipachika -ig- unapata boligi, kuchemsha. Lerni ni kujifunza. Ukipachika -ej- unapata lernejo, mahali pa kujifunzia, yaani shule. Anayejua kujenga pika, pikia, pikwa na pikiwa tayari ana mazoea ya mantiki hiyo.

Wengi huishia hapo: Kirusi kigumu, Kiesperanto rahisi. Kwa mtu mzima anayejifunza lugha ya pili, ni kweli. Lakini mtoto wa Moscow hukipata Kirusi mdomoni mwa mama yake bila shida, kama mtoto wa mtaa wa Umoja anavyopata Kiswahili. Tofauti yenye maana zaidi imo katika namna kila lugha inavyolipokea neno geni. Kirusi kilichukua kutoka Kifaransa neno palto, koti kubwa la baridi, lakini katika Kirusi sanifu neno hilo halipokei mwisho wowote wa zile hali sita. Metro nalo ni hivyo hivyo. Yanatumika kila siku, ila yamebaki wageni katika sarufi. Katika Kiesperanto, mzizi unaokubaliwa huvishwa -o na kuwa mwenyeji. Mwaka 1905 wazungumzaji wake walikubaliana kwamba misingi iliyoandikwa na Zamenhof isiguswe, huku msamiati ukiachwa wazi uzidi kukua.

Kiunzi imara, maneno huru: hivyo ndivyo pia ilivyojengwa Sheng, lugha ya mtaani ya Nairobi.

Wataalamu wengi huweka chimbuko la Sheng katika mitaa ya Eastlands miaka ya 1960 na 1970, ingawa wapo wanaorudisha mizizi yake hadi miaka ya 1930. Nyumba za mitaa hiyo zilikuwa finyu na familia zake kubwa, kwa hiyo watoto walikutana nje. Nyumbani palikuwa na Kikuyu, Dholuo, Kikamba au Kiluhya. Shuleni palikuwa na Kiingereza. Kiunzi walichokubaliana ni cha Kiswahili, na maneno wakayachota popote. Neno la Kiingereza dish, chakula sahanini, likawa dishi, yaani kula, na siku hiyo hiyo watoto wakaweza kusema anadishi, tulidishi, wasipodishi. Odiero, yaani mzungu, lilitoka kwa Wajaluo, na wingi wake ukawa maodiero. Hakuna neno lililoachwa mlangoni kama palto.

Sheng pia imeongeza kanuni zake. Kitu kidogo huchukua ka-, kama katika Kikuyu na Kiluhya, na upatanisho hufuata: kagari kadogo. Jambo la mazoea hupokea -ang-, kwa hiyo tunaendanga badala ya huenda. Mtoto wa Kayole hawezi kukipachika kiambishi hicho mwanzoni mwa kitenzi. Anajua mahali pake, ijapokuwa hakufundishwa na mtu. Hiyo ndiyo maana ya kuwa na sarufi. Maneno ya pesa yanaweza kuwa ganji, chapaa au doo kutegemea mtaa na rika, na kesho yakaja mengine, lakini kiunzi hakitikisiki.

Kusudi ndilo linalotenganisha Sheng na Kiesperanto. Kiesperanto hutunza maneno yake ili Mbrazili na Mjapani waelewane leo na kesho. Sheng huyabadilisha ili wenye mtaa watambuane, na mzazi akipata neno, vijana wamekwisha kuliacha.

Tusidhani basi kwamba wepesi wa sarufi ndio nguvu ya lugha. Kirusi, pamoja na hali zake sita, ni moja kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa kuwa kilibebwa na dola, shule na jeshi. Kiesperanto hakikuwa na dola ya kukikinga. Chini ya Stalin, mwaka 1937 na 1938, wazungumzaji wake walikamatwa na wengine wakauawa, na watoto wote watatu wa Zamenhof waliuawa na Wanazi. Sheng ina watu wake na kituo chake cha redio, Ghetto Radio, lakini darasani bado inahesabiwa kuwa adui.

Naamini huo ni ubadhirifu wa elimu. Kiswahili sanifu ni cha lazima: ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010, na ndicho kinachomfikisha mtoto wetu Arusha, Bukavu na Zanzibar akaeleweka. Njia ya kukifikia haipiti kwenye kumwaibisha. Mwalimu wa Dandora aandike ubaoni "sisi hucheza" na "tunachezanga", kisha awaulize wanafunzi kanuni ya kila sentensi ni ipi, na ipi inafaa katika insha. Watagundua kwamba wanamiliki sarufi mbili zinazoshiriki kiunzi kimoja. Mwanafunzi anayeweza kueleza kanuni za lugha ya mtaani kwake hatatishwa na usanifu wa Kiswahili, wala viambishi vya Kiesperanto, wala hali sita za Kirusi.