Nyimbo za Kutembeza Igizo

Watu wakisikia kwamba natunga nyimbo, swali la kwanza huwa bendi gani. Nikijibu kuwa sina bendi, natunga nyimbo za maigizo, wananitazama kama mtu aliyesema anavua samaki Mlima Kilimanjaro. Lakini kazi hiyo ipo, ina mafundi wake, na katika nchi hii ilishamfikisha mtu bungeni.

Mimi ni mzaliwa wa Sindeni, Handeni. Nilisomea ualimu Korogwe, nikafundisha huku na huku katika wilaya hizi mbili hadi nilipostaafu, na sasa naishi Manundu, hapa Korogwe, karibu na soko. Shuleni nilijulikana kama mwalimu wa kwaya, maana katika ratiba hakuna kipindi kinachoitwa muziki wa maigizo. Elimu yangu ya fani hiyo sikuipata chuoni. Niliipata kwenye ukala.

Ukala ni ngoma ya wawindaji wa Kizigua. Anayeiona mara ya kwanza hudhani watu wanacheza tu. Akae kidogo. Kuna mwindaji anayejiandaa, kuna dawa ya kumkinga, kuna kuingia porini, kunyemelea, kukosa, kupata, halafu shangwe ya nyama. Mnyama naye anachezwa na mtu. Hakuna anayesimama mbele kutueleza kwamba sasa ni usiku au sasa tumefika msituni. Mwanzishi akibadili wimbo, ujue mahali pamebadilika. Mpiga ngoma akipunguza mkono, vijana wanainama, na njuga zinanyamaza miguuni mwao.

Nilikuwa mtoto, nimeketi chini mstari wa mbele, nikajikuta nimebana pumzi. Mnyama mwenyewe hakuwa wa kutisha: alikuwa baba mdogo wangu, amejitanda ngozi ya mbuzi, na mchana ule tulikuwa tumekula naye sahani moja. Kilichonibana pumzi ni ngoma iliyonyamaza. Tangu siku hiyo nimekuwa na imani moja kuhusu kazi hii: wimbo wa igizo haupambi hadithi, unaitembeza. Ukiuondoa na hadithi ikaendelea vilevile, basi haukuwa na kazi pale.

Wenzetu wa New York na London wana majumba makubwa ya michezo ya namna hiyo, na jina la mtunzi wa muziki linaandikwa mlangoni. Afrika Kusini nao walianza zamani. Mwaka 1959 Todd Matshikiza alitunga muziki wa King Kong, mchezo wa maisha ya bondia wa Johannesburg, na mwaka 1961 mchezo huo ukapelekwa London. Sisi wa huku tunamjua zaidi Mbongeni Ngema, hata kama jina lake hatulijui, kwa sababu kila kibanda cha video kilionyesha Sarafina. Wengi hawana habari kwamba kabla ya filamu ile ya 1992 Sarafina ulikuwa mchezo wa jukwaani, na kwamba nyimbo zake Ngema alizitunga pamoja na Hugh Masekela. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu wautazame tena bila kusoma maandishi ya chini. Hadithi wataielewa.

Hapa kwetu serikali ilikuwa na kikundi cha taifa cha ngoma tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, kisha cha sarakasi, kisha cha maigizo. Vikaja kuvunjwa, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Baada ya Azimio la Arusha zikaja pia ngonjera za Mathias Mnyampala, na kila shule ikawa na watoto wawili wanaobishana kwa mashairi mbele ya mgeni rasmi. Ngonjera zilinifunza kupima mizani, ila nyingi zilinichosha. Mabishano ambayo mshindi wake anajulikana tangu ubeti wa kwanza hayana igizo ndani yake.

Aliyeifanya kazi hii ikasikika nchi nzima ni Kapteni John Komba, mzaliwa wa Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, mwanajeshi wa JWTZ. Mwaka 1992, nchi ilipoingia vyama vingi, CCM ilianzisha kikundi cha Tanzania One Theatre, TOT kwa kifupi, na Komba akawa kiongozi wake. Onyesho moja la vikundi vya aina hiyo lilikuwa na ngoma, sarakasi, kwaya, vichekesho, taarabu na dansi, vyote kwa kiingilio kimoja, mtu anatoka pale usiku umekwenda. Mshindani wao mkubwa alikuwa Muungano, kikundi cha Norbert Chenga. TOT wakampata Khadija Kopa kutoka Zanzibar, na mipasho ya pande hizo mbili ikawa mazungumzo ya kila saluni na kila kituo cha basi, Korogwe tukiwamo.

Watu wanamkumbuka Komba kwa siasa zake, na wapo waliokuwa wakizima redio akianza. Mimi namsikiliza kama fundi anavyokagua mlango wa fundi mwenzake. Anaanza peke yake, taratibu, kwa sauti nzito, kama mtu anayeleta taarifa mlangoni. Kwaya haimwitiki mara moja; inamwacha mpaka umeanza kuingoja. Ikiingia, inaingia na miguu. Wanaimba huku wakitembea, wanageuka kwa pamoja, wananyoosha mikono. Wale tayari ni waigizaji. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999, nyimbo za Komba zilipigwa redioni kutwa, na nchi ilijua iko kwenye hatua gani ya msiba kwa kusikia wimbo uliowekwa.

Nina dhana yangu kuhusu mwendo ule wa miguu, na ni dhana tu. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalijaa manamba kutoka kila upande, wakiwamo watu wa Songea na wa Ziwa Nyasa, na kila kundi lilikuja na ngoma yake. Wanyasa walikuja na mganda, ngoma ya kupanga mistari kama gwaride. Nimeiona kambini nikiwa kijana. Kila nikiisikia kwaya ya Komba, masikio yangu yananirudisha kwenye mistari ile. Komba mwenyewe aliingia bungeni kwa jimbo la Mbinga Magharibi, na alifariki Februari 2015.

Sisi wa wilayani hatukufika huko. Kazi zetu ni mapokezi ya Mwenge, kampeni za chanjo, za vyandarua, za UKIMWI, mahafali, na mara chache igizo la kweli. Kwenye kampeni unakabidhiwa karatasi yenye ujumbe na kuambiwa ujumbe wote uingie kwenye wimbo. Hauingii. Ninachofanya ni kuchagua neno moja la kiitikio ambalo mama muuza ndizi ataweza kulidaka mara ya pili akilisikia, na mengine nampa mwanzishi. Hatuna pazia, kwa hiyo wimbo ndio pazia: waimbaji wanazunguka, nyuma yao mtu anavua koti la udaktari na kufunga kanga. Nikitaka dakika mbili za kubadili nguo, natunga beti za dakika mbili.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ilitoka Chogo. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani hadi kusini mwa Somalia. Baadhi yao walitoroka na kujenga vijiji kando ya Mto Juba, na mapokeo yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Walikaa huko vizazi na vizazi wakiongea Kizigua. Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya: wengine walifika hadi Marekani, na wengine walikuja Tanga, wakawekwa Mkuyu, Handeni, kisha mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo. Wengi wao baadaye walipewa uraia.

Vijana wa kikundi changu walitaka kuigiza kule kutoroka, nikaenda Chogo kuwasikiliza wazee. Walinikaribisha kwa Kizigua chenye maneno ambayo mara ya mwisho niliyasikia kwa bibi yangu. Nilikuwa tayari na wimbo wa safari mfukoni, wenye ngoma za mbio. Bibi mmoja aliusikiliza mpaka mwisho, akanipongeza kwa adabu, halafu akasema, "Mwanangu, watu wanaotoroka usiku na watoto mgongoni hawaimbi."

Sasa unafanyaje igizo la nyimbo lenye watu wasioimba? Tulikaa na jambo hilo muda mrefu. Mwishowe wimbo tuliwapa mabwana. Upande mmoja wa uwanja wao wanasherehekea kwa ngoma kubwa na vigelegele. Upande wa pili watoro wanapita kimya, wakikanyaga pale tu ngoma inapolia ili hatua zao zimezwe. Kila ngoma ikipumzika, wanasimama walivyo, mguu mmoja hewani. Tulipoicheza Handeni mjini, katika mapumziko ya tatu mtoto mmoja wa watazamaji alipaza sauti, "Pigeni ngoma!" Nilimtazama mpiga ngoma. Aliendelea kungoja, kama tulivyofanya mazoezi, na uwanja mzima ukaanza kumdai.

Kuhusu malipo sina mengi. Tunalipwa posho, nami ni mmoja wa kikundi kwenye karatasi ya kusaini, kati ya mpiga ngoma na dereva. Sheria ya hakimiliki ya 1999 ilileta COSOTA, na mtunzi anaweza kusajili kazi yake. Mimi husajili maneno. Sauti za nyimbo zangu nyingi zina mzizi wa ukala au selo, ngoma nyingine ya kwetu, na sioni ninavyoweza kwenda ofisini kuandikisha kitu ambacho baba mdogo alikiimba akiwa ndani ya ngozi ya mbuzi. Kuna taasisi iliyowahi kutumia wimbo wangu kwenye gari la matangazo miezi mingi bila jina langu. Niliusikia nikiwa kituo cha mabasi, nikanywa chai yangu, nikaenda nyumbani.

Siku hizi wateja wangu ni vijana wa hapa Korogwe wanaorekodi vichekesho kwa simu. Wa mwisho alikuja akisema, "Shikamoo mwalimu, nataka wimbo wa sekunde kumi na tano." Nikamwambia kwa sekunde kumi na tano mwanzishi hajamaliza kusafisha koo. Akasema watu hawana subira, mwalimu. Nikamsimulia habari ya mguu uliobaki hewani kule Handeni. Tumeafikiana sekunde thelathini, kimya cha sekunde tano kikiwa ndani yake, na nusu ya malipo kabla sijaanza.