Bia ya Wapagazi

Agiza bia nyeusi mezani, na lazima mmoja atasema: "Hiyo nzito, utalala." Hata wajomba zetu husema hivyo, maana kwao Guinness ni kinywaji cha wenye mbavu. Lakini Guinness ya bomba inayouzwa hapa Uingereza ina kilevi cha asilimia 4 na kidogo, chini ya lager nyingi za asilimia 5. Rangi haikuambii nguvu. Rangi inatoka kwenye moto.

Shayiri huloweshwa, huachwa ianze kuchipua, kisha hukaushwa. Hicho ndicho kimea. Hata katika bia nyeusi, kimea kingi ni cheupe. Sehemu ndogo tu ya nafaka hukaangwa mpaka iwe nyeusi kama buni, nayo hutia rangi pipa zima. Mfano huo wa buni ni wa zamani: mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya kukaangia kimea ndani ya pipa la kuzungusha, lililofanana na lile la kukaangia kahawa. Kabla ya hapo bia ya London ilikuwa ya kahawia.

Jina lake lilikuwa porter, yaani mpagazi, kwa sababu katika karne ya 18 wapagazi wa mitaani na bandarini London waliipenda sana. (Walimu waliotufundisha habari za misafara ya Bagamoyo watatabasamu hapa.) Iliyokuwa kali zaidi iliitwa stout porter, na baadaye watu wakabaki na stout tu.

Kuhusu ladha, naona Kiswahili cha jikoni kinatosha kabisa. Kuna uchungu wa kahawa ya kijiweni, ukakasi unaobaki kwenye meno, sukari guru iliyoanza kuungua, na ule ukoko wa wali tuliougombania utotoni. Mtu akijua ukoko, ameshaielewa stout nusu.

Anayeanza namshauri Fuller's London Porter, asilimia 5.4, yenye harufu ya chokoleti. Samuel Smith's Oatmeal Stout, asilimia 5, hutiwa oti, na inateleza kama uji uliochujwa vizuri. Mimi nazipenda zaidi za The Kernel, kiwanda kidogo kilichoanza London mwaka 2009, chenye lebo za karatasi ya kaki zisizo na mbwembwe. Bei yake si ya mwanafunzi, kwa hiyo nunueni chupa moja mgawane.

Usiigandishe. Kenya mhudumu huuliza "baridi au moto?", na moto maana yake ni chupa iliyotoka kabatini, si kwenye friji. Kwa stout wale wa "moto" wana hoja: baridi kali huua harufu yote. Itoe kwenye friji nusu saa kabla.

Wasiokunywa ni wengi chamani kwetu, na orodha hii si ya kuwavuta. Jioni zetu ziwe na soda na chai za kutosha, na mtu asiulizwe kwa nini hanywi. Wanaokunywa nao wasome lebo: imperial stout hufika asilimia 10 na zaidi, na utamu wake huficha kilevi. Hiyo glasi ndogo, baada ya kula.

Porter ya kawaida ipeleke kwenye nyama choma. Pale penye mkaa na mafuta yanayodondoka, lager haioni ndani.