Sahihi ya Askari Katika Leseni ya Bunduki

Tarehe 29 Januari, 2016, rubani Mwingereza Roger Gower aliuawa kwa risasi zilizopigwa kutoka ardhini alipokuwa akiwasaka kwa helikopta majangili wa tembo katika Pori la Akiba la Maswa, mkoani Simiyu. Habari hiyo ilienea duniani kote na watuhumiwa walikamatwa. Swali tunalouliza sisi hadi leo ni la kabla ya siku hiyo: silaha yenye uwezo wa kuangusha helikopta hupita mikononi mwa nani hata ikafika porini?

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika nafasi ya ile ya mwaka 1991, imembana sawasawa muuzaji na mnunuzi. Mwenye duka la silaha hana budi kuwa na leseni na kuandika katika daftari kila anachouza. Mfugaji wa Itilima anayetaka bunduki ya kulinda mifugo yake hujadiliwa kijijini na katani, kisha wilayani na mkoani, na anaweza kukataliwa popote njiani. Hayo ni mema, nasi hatutaki yalegezwe hata kidogo.

Lakini tumtazame askari. Polisi ndiye anayemchunguza mwombaji, anayempendekeza, anayetunza kumbukumbu za leseni, anayepokea silaha zinazosalimishwa na anayepeleleza zinapopotea. Akifanya hayo kwa uaminifu, nchi hulala salama. Akipokea chochote ili afumbe macho, anayetazamiwa kumchunguza kwanza ni mwenzake wa ofisi hiyo hiyo. Kweli, TAKUKURU ipo, na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ipo. Ila mwananchi wa Meatu mwenye malalamiko huanzia wapi, kama si katika kituo kile kile anachokilalamikia? Wenzetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2011 na kuunda mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Hatusemi kuwa imemaliza matatizo yao, maana haikumaliza, lakini angalau mlango wa pili upo.

Wakazi wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bariadi ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, wezi wa ng'ombe wenye bunduki walipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi walishika pinde na mishale wakaunda Sungusungu. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya wezi peke yao. Wengi walikwisha kuamini kwamba mwizi akipelekwa kituoni leo, kesho watakutana naye mnadani. Serikali iliwatambua kisheria mwaka 1989, lakini kabla na baada ya hapo ziko roho zilizopotea kwa hukumu za mbugani ambazo hakuna hakimu aliyezisikia. Hiyo ndiyo gharama ya askari asiyeulizwa.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania iliitia sahihi, inazitaka nchi wanachama kuwa na hesabu kamili ya silaha za vyombo vya dola vyenyewe, si za raia tu. Basi hesabu ya ghala la kila kituo ifanywe kila mwaka mbele ya mtu asiyevaa sare ya polisi, na hakimu wa wilaya angefaa. Kila mwezi wa Septemba, ambao Umoja wa Afrika umeutenga kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, mzee anayeleta gobore lake apewe stakabadhi yenye namba ya silaha hiyo, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Na jina la ofisa aliyempendekeza mwombaji lisifutike kwa uhamisho. Aliyetia sahihi yake Bariadi, hata akihamishiwa Mtwara, bunduki ile ikikutwa porini na aitwe aeleze.