Uhuru au Usalama? Mzozo Uliomo Ndani ya Simu Zetu

Simu iliyomo mfukoni mwako inajua mengi ambayo hata jirani wa ukuta kwa ukuta hayajui: ulikolala, uliyezungumza naye, na sura za watoto wako. Ndiyo maana wapo mafundi waliotengeneza mifumo endeshi ya kulinda faragha, ichukue nafasi ya ile itokayo na simu kiwandani. Lakini mafundi hao, ambao tungewadhania kuwa kitu kimoja, wamegawanyika.

Upande wa kwanza hufuata msingi uliowekwa Marekani na Richard Stallman, aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983 na taasisi ya Free Software Foundation mwaka 1985. Kwao, programu huru ni ile inayompa mtumiaji haki nne: kuitumia atakavyo, kuichunguza na kuibadilisha, kuigawa, na kugawa aliyoibadilisha. Uhuru huo si suala la bei. Programu yaweza kutolewa bure na bado ikawa imefungwa, usijue inatenda nini. Kwa kigezo hicho ulizaliwa mwaka 2010 mradi wa Replicant, uliokusudia kuondoa katika Android kila kisicho huru. Gharama yake ni kubwa: katika simu nyingi unazozihudumia, waifai na Bluetooth hazifanyi kazi, kwani vipande hivyo huhitaji programu za siri za watengenezaji wake.

Upande wa pili ni GrapheneOS, mfumo unaowekwa katika simu za Pixel. Msimbo wake uko wazi, lakini hupokea programu zilizofungwa za vipande vya simu pamoja na marekebisho yake. Hoja yao ni kwamba programu hizo zimo tayari, tupende tusipende. Kuyakataa marekebisho ni kuacha wazi tundu ambalo mwizi keshalijua.

Tuchukue mfano wa nyumba yenye chumba ambacho ufunguo wake anao mjenzi peke yake. Wa kwanza asema: nyumba hiyo haijawa yako. Wa pili asema: paa la chumba hicho likivuja, mwache mjenzi aingie azibe. Wote wawili wana la kweli.

Mzozo huzidi penye vigezo. Taasisi ile, inapotoa cheti kwa vifaa, huvumilia programu iliyofungwa katika kipande cha pembeni, mradi haikusudiwi kubadilishwa baada ya kununuliwa. Wapinzani huuliza: chumba kilichozibwa kwa ukuta kimekuwaje safi kuliko chenye mlango? Wao hujibu kuwa kisichobadilishwa na yeyote ni sawa na chuma, hakimpi mtengenezaji mamlaka mapya juu yako. Mwezi Oktoba 2025 taasisi hiyo ilitangaza mradi wa Librephone, wa kuzichunguza programu hizo zilizofungwa ili ziandikwe mbadala zilizo huru.

Kwetu sisi wazazi, kabla ya kubadilisha mfumo wa simu, tuulize matatu: nani awezaye kuusoma msimbo wake? Nani ataziba matundu yake, na hadi lini? Na kipi kitaacha kufanya kazi? Kisha tukumbuke kuwa hakuna mfumo, uwe huru au salama kiasi gani, utakaoificha picha ya mtoto ambayo mzazi mwenyewe ameisambaza.