Nyasi za akiba humpa mfugaji nguvu mnadani

Mfugaji anayepeleka ng'ombe mnadani mwezi Septemba kwa sababu malisho yamekwisha hana nafasi ya kubishana bei. Mifugo imekonda, wenzake nao wameleta ya kwao, na mnunuzi anajua kuwa akiirudisha nyumbani haina cha kula.

Mkoani Shinyanga wafugaji wana kinga ya jadi: ngitili. Hilo ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi, nyasi za nje zinapokwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanzishwa na serikali mwaka 1986, uliufufua utaratibu huo. Ngitili, zilizokuwa zimebaki takriban hekta 600 tu, zilipanuka hadi kupita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta.

Kibiashara, ngitili ni ghala, na ghala lina hesabu. Ng'ombe wa kilo 250 hula kwa siku malisho makavu yapatayo asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo. Kwa siku 90, ng'ombe 20 wanahitaji zaidi ya tani 11. Tuseme hekta moja ina tani 2 za nyasi. Nusu inapasa kuachwa ili mizizi isife na udongo usibaki wazi, hivyo zinahitajika hekta 11 hivi. Mwenye hekta 5 ana chakula cha ng'ombe 9. Akiingiza wote 20, watamaliza akiba katika siku 40 tu.

Hata hivyo, nyasi zilizokauka zina protini kidogo. Huzuia njaa lakini hazinenepeshi. Anayetaka kuongeza kilo kabla ya kusafirisha mifugo kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, hana budi kununua mashudu ya pamba, na gharama hiyo ilinganishwe na bei ya kilo zitakazoongezeka. Hatari nyingine ni moto, unaoweza kuteketeza akiba yote kwa siku moja. Njia ya kuuzuia ifyekwe mapema.

Wakati wa kupiga hesabu ni Mei, mvua zinapokatika. Ng'ombe waliozidi nyasi zilizopo wauzwe wakati huo, wangali na nyama. Watakaobaki watamwezesha mwenyewe kusubiri bei.